Maumivu makali ya hedhi: asiyeweza kumeza ibuprofeni afanye nini?

Kwenye mikutano ya akina mama na kwenye foleni ya zahanati kuna swali linalorudi kila mara. Mwanamke ana vidonda vya tumbo, au ana pumu, au ameambiwa figo zake zina shida. Akienda mwezini maumivu yanamlaza chini siku mbili. Mganga amemkataza ibuprofeni na diklofenaki. Sasa atumie nini? Wengine hujibiwa wavumilie tu. Jibu hilo halitoshi. Mama huyo ana maji ya kuteka na watoto wa kulisha, na siku ya mgao haimsubiri amalize hedhi. Msichana naye anakosa masomo siku mbili au tatu kila mwezi.

Kwa nini tumbo linauma

Kila mwezi utando wa ndani ya mfuko wa uzazi hubomoka na kutoka na damu. Wakati huo mfuko hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini, inayoufanya ujikaze na kulegea ili kusukuma damu nje. Kemikali hiyo ikiwa nyingi, mfuko hujikaza kwa nguvu hadi mishipa yake ya damu inabanwa na msuli unakosa oksijeni. Hapo ndipo maumivu yanapotoka, mengine yakishuka mapajani na kupanda kiunoni. Ndiyo maana pia wengine huharisha, hutapika au huumwa kichwa siku hizo. Wengi huku huyaita chango. Si uchawi, na mwenye kuumwa si mvivu.

Ibuprofeni, diklofenaki, aspirini na asidi ya mefenamiki huzuia prostaglandini isitengenezwe, kwa hiyo hufaa sana. Lakini prostaglandini hiyohiyo ndiyo inayolinda ukuta wa tumbo la chakula na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ukiizuia, mwenye vidonda anaweza kutokwa damu tumboni, na mwenye figo dhaifu akazidiwa. Baadhi ya wenye pumu hubanwa kifua wakimeza dawa hizi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziguse, wala mwenye homa inayodhaniwa kuwa dengi.

Kumbukeni kwamba sokoni vidonge hivi huuzwa kwa majina mengi ya biashara, mara nyingi vimekatwa kutoka kwenye karatasi yake, jina halionekani. Mtu anakataa ibuprofeni zahanatini, kisha jioni ananunua diklofenaki kwa muuzaji akidhani ni dawa nyingine kabisa. Ni jamii moja. Sindano ya diklofenaki nayo haikwepi tumbo wala figo, kwa sababu dawa hufanya kazi kupitia damu.

Je, kweli una vidonda vya tumbo?

Hapa tuseme wazi. Kila tumbo linalowaka moto si kidonda. Wapo waliojipa jina hilo wenyewe kwa sababu walimeza vidonge bila kula, jambo la kawaida pale chakula cha mgao kinapokwisha kabla ya mwezi kwisha. Omba upimwe. Vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na anatibika kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Baada ya kupona, mganga anaweza kuamua kama unaruhusiwa ibuprofeni kidogo pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Uamuzi huo ni wake, usijaribu peke yako.

Joto

Msaada mkubwa usiohitaji kidonge ni joto kwenye tumbo la chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulilinganisha kitambaa cha joto la nyuzi 39 hivi, kilichovaliwa tumboni saa 12 kwa siku, na ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu kwa siku. Joto lilipunguza maumivu sawa na kidonge. Kwa hiyo usidharau chupa ya maji moto ya bibi yako.

Namna ya kufanya: chukua chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, tia maji ya moto lakini yasiyochemka, kwani yanayochemka hulainisha plastiki na chupa ikipasuka utaungua. Ifunge kwa kitenge mikunjo miwili. Ijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono. Ikichoma mkono itachoma na tumbo. Ilaze chini ya kitovu dakika 20 hadi 30, ukibadilisha maji yakipoa, au iweke kiunoni kama mgongo ndio unaouma. Asiye na chupa anaweza kukausha mchanga safi kwenye sufuria, akautia ndani ya soksi nene na kuufunga. Kwa kuwa kuni ni shida, pasha maji hayo wakati moto wa ugali bado upo. Usilale usingizi na kitu cha moto mwilini. Na tafadhali, usiingize jiko la makaa ndani ya nyumba au hema ili kujipasha: moshi wake usioonekana huua, na turubai huwaka haraka.

Mazoezi, tangawizi na mitishamba

Mazoezi ya mara kwa mara, kama kutembea kwa haraka au kucheza ngoma saa moja hivi, mara tatu kwa wiki, hupunguza maumivu kwa wanawake wengi. Kubeba dumu la lita 20 si zoezi tunalolizungumzia hapa. Akina baba na kaka, siku hizo bebeni nyinyi.

Chai ya tangawizi husaidia baadhi ya watu ikianzwa siku ya kwanza. Mwenye kiungulia au vidonda aangalie, inaweza kumchoma. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize mganga kwanza. Mizizi usiyoijua usinywe, hasa kama huna hakika kwamba huna mimba, na usiingize dawa yoyote ya kienyeji ukeni. Kuoga hakuna madhara, maji yawe baridi au moto.

Vidonge vilivyobaki

Parasetamoli haizuii prostaglandini vizuri kama ibuprofeni, lakini haichubui tumbo, na wengi inawatosha ikiunganishwa na joto. Mtu mzima humeza vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima, mchana na usiku. Mwenye mwili mdogo, chini ya kilo 50, apimiwe na mganga. Ianze maumivu yanapoanza, usingoje yapande. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani. Ukizichanganya utazidisha, na ikizidi huharibu ini. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi aseme kabla ya kupewa. Tramadoli inayozunguka mitaani si dawa ya chango. Huleta usingizi na mazoea mabaya.

Vidonge vya uzazi wa mpango kama dawa

Hili huwashtua wazazi wengi, lakini ni kweli: vidonge vya uzazi wa mpango, sindano na vipandikizi hupunguza maumivu ya hedhi, kwa sababu hufanya utando wa mfuko wa uzazi kuwa mwembamba, na prostaglandini hupungua. Kwa mwanamke aliyekatazwa ibuprofeni, mara nyingi hii ndiyo njia yenye nguvu zaidi. Msichana anaweza kupewa kama tiba hata kama hajawahi kukutana na mwanamume. Si ruhusa ya uasherati, na hayamfanyi tasa. Akiacha vidonge uwezo wa kuzaa hurudi mapema. Kwa sindano unaweza kuchelewa miezi kadhaa, hata mwaka. Sindano na vipandikizi pia huvuruga siku za damu mwanzoni.

Si kila mtu anafaa. Mwenye shinikizo la damu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona miale, na anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 watafutiwe njia isiyo na estrojeni. Kitanzi cha shaba hakifai hapa, kwani kinaweza kuongeza damu na maumivu.

Tumesikia pia ushauri kwamba msichana anayeumwa aozwe, akizaa maumivu yataisha. Kwa baadhi ya wanawake maumivu hupungua baada ya uzazi, lakini wapo wanaozaa watoto watano na bado wanaumwa. Mimba ya utotoni inaua. Haiwezi kuwa dawa ya kitu kinachotulizwa kwa chupa ya maji moto na vidonge vya zahanati.

Usisubiri nyumbani

Maumivu yaliyoanza ukubwani, yanayozidi mwezi hadi mwezi, au yanayokuja hata nje ya hedhi na wakati wa tendo la ndoa, yanaweza kuwa uvimbe wa mfuko wa uzazi, maambukizi ya via vya uzazi au endometriosi, ugonjwa unaowapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa duniani. Homa pamoja na uchafu unaonuka ukeni vinahitaji tiba siku hiyohiyo. Damu inayojaza pedi au kitambaa kila saa, au kizunguzungu na weupe wa viganja, nenda hospitali mara moja. Ukikosa hedhi kisha ukaumwa ghafla upande mmoja wa tumbo, hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi: amsha jirani, hata usiku wa manane.

Aliyeumizwa kwa nguvu na mwanamume afike ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia Virusi vya UKIMWI. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa hadi siku ya 5.

Ukija zahanati, njoo na tarehe za hedhi zako mbili au tatu za mwisho, na vidonge vyote unavyotumia, pamoja na vile vya sokoni. Mwambie mganga tangu mwanzo dawa uliyokatazwa na sababu yake. Kama unaona haya kuzungumza na mwanamume, omba muuguzi wa kike au mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wako akusindikize.