Majestic, sinema iliyokuwa na siku ya kina mama

JIONI ikiingia hapa Namawala, vijana hujikusanya kwenye banda la video. Ndani kuna mabenchi, televisheni moja na spika inayosikika hadi barabarani. Kwa muda wote niliofika kijijini hapa kuandika habari za malaria, sijawahi kumkuta mama amekaa humo na binti yake.

Banda hilo lilinijia akilini nilipokwenda Unguja kikazi, nikasimama mbele ya jengo la sinema la Majestic, eneo la Vuga, Mji Mkongwe. Paa la ukumbi lilikwishaporomoka. Hata hivyo uso wa jengo, wenye mistari iliyonyooka na kona za mviringo, bado unamfanya mpita njia ageuke.

Mahali hapo palianza na ukumbi wa Royal, uliojengwa miaka ya 1920 kwa ramani ya John Sinclair, Mwingereza aliyesanifu majengo mengi ya serikali mjini humo. Mwaka 1954 Royal uliteketea kwa moto. Mwaka uliofuata ukasimama Majestic, kazi ya msanifu wa hapo hapo Zanzibar, Dayalji Pitamber Sachania.

Enzi hizo kwenda sinema ilikuwa shughuli ya familia. Jumapili watu walioga, wakavaa vizuri na kutoka pamoja: baba, mama, watoto, shangazi na majirani. Filamu za Kihindi ndizo zilizopendwa zaidi. Ile ya Raj Kapoor iitwayo Awara, ya mwaka 1951, iliwaliza watu wasiojua neno la Kihindi. Tiketi zilipokwisha, walanguzi waliziuza nje kwa bei ya juu.

Lililonigusa zaidi ni maonyesho ya kina mama peke yao. Wanawake ambao kwa desturi hawakuchangamana na wanaume hadharani walipata saa zao, wakaja na mabuibui yao, wakacheka na kulia bila kutazamwa. Nyumbani mazungumzo yaliendelea: je, binti alikosea kumpenda yule kijana? Baba mkwe alikuwa na haki?

Baada ya Mapinduzi ya 1964, sinema ziliingia mikononi mwa serikali. Mwaka 1973 Zanzibar ikapata televisheni ya rangi, kisha zikaja kanda za video, na watazamaji wakabaki majumbani. Sinema ya Empire, pale Darajani, imegeuka duka.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, lakini orodha haizuii ukuta kuanguka. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Majestic nayo haiwezi kungoja miaka mingi.

Na sisi wa bondeni? Hatuhitaji jumba la kifahari. Banda lililopo linaweza kutenga alasiri moja kwa wiki kwa kina mama na watoto, filamu ichaguliwe kwa kuzingatia umri, madirisha yawekwe wavu, na onyesho liishe kabla giza halijaingia na mbu wa malaria kuanza kuuma.

Mzazi mwenzangu, mara ya mwisho ulikaa lini na mwanao mkatazama hadithi moja hadi mwisho, kisha mkaizungumzia?