Mgonjwa Wako Anatazama Nini?

Tunapokwenda kumtazama mgonjwa hubeba mtori kwenye chupa, matunda, na sabuni. Ni mara chache tunajiuliza: mtu huyu anayelala kutwa nzima, macho yake yanatazama nini?

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alitoa taarifa ya wagonjwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wagonjwa 23 walilala penye dirisha linaloonyesha miti. Wengine 23, wenye hali inayolingana na yao, waliona ukuta wa matofali tu. Wale wa miti walitoka hospitali mapema zaidi, karibu siku moja, tena walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Baadaye huko Uppsala, Uswidi, picha ziliwekwa mbele ya wagonjwa waliopasuliwa moyo. Picha ya maji na miti ilipunguza wasiwasi. Michoro ya maumbo yasiyoeleweka haikusaidia kitu.

Sababu yake ni nini? Mtu mwenye hofu moyo humwenda mbio, misuli hukaza, shinikizo la damu hupanda na usingizi hupotea. Mandhari tulivu huvuta macho taratibu bila kuichosha akili, na mwili hulegea.

Sisi wa Kwa Sadala tuna bahati. Asubuhi, kabla ya mawingu, Kibo inaonekana wazi. Basi geuza kitanda kielekee dirishani, hakuna gharama. Kama dirisha halifai, tundika picha. Hata ya kalenda ya zamani inatosha, ikiwa na mlima, mto au pundamilia wanaokunywa maji. Wengine watapenda michoro ya Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Ina wanyama na ndege wa kuchangamsha. Lakini simba anayerarua swala mwacheni sebuleni!

Mwulize mgonjwa mwenyewe anapenda ipi. Bibi aliyezeeka mlimani huenda akapenda kihamba chenye migomba kuliko twiga. Picha ikae anapoiona akiwa amelala, si juu ya kichwa chake, ambako wageni tu ndio wataifaidi.

Jihadharini na rangi za mafuta. Picha mbichi ikaushwe nje kwanza, hasa nyumba ikiwa na mwenye pumu. Rangi nyingine zina madini ya risasi. Picha ya zamani inayobanduka isikae karibu na watoto, kwani vipande vyake vikimezwa huharibu ubongo.

Picha haichukui nafasi ya dawa. Na mgonjwa asiyetaka kutazama chochote kwa siku nyingi, anayekataa chakula, au anayesema amechoka kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni kwa mganga wa hospitali siku hiyo hiyo.