Faida ya Chupa za Chai Imekwenda Wapi?

Huenda nyumbani kwako, au kwa jirani yako, yupo mtu aliyeigeuza simu kuwa duka. Huagiza bidhaa kutoka Guangzhou, huzipiga picha juu ya kitambaa cha meza, huzitangaza Instagram na WhatsApp, na jioni husema kwa furaha: "Nimenunua elfu kumi na mbili, nauza elfu thelathini." Tuifanye hesabu hiyo pamoja, kwa kalamu na karatasi.

Tumchukue mama wa Tandika aliyekopa kwenye kikoba ili aagize chupa za chai 50, kila moja kwa shilingi 12,000. Bei hizi ni za mfano. Wewe weka zako. Kiwandani amelipa 600,000. Nauli ya meli na bima ni 150,000. Jumla yake, yaani 750,000, ndiyo inayotumika kukokotolea ushuru wa forodha, wala si ile bei ya kiwandani peke yake. Wengi hujikwaa hapa.

Viwango vikuu vya ushuru vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35 kwa baadhi ya bidhaa. Tuseme mzigo wake umeangukia 25: ushuru ni 187,500. Kisha VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla mpya ya 937,500, ushuru ukiwa umo ndani yake. Hiyo ni 168,750 nyingine, na asiyesajiliwa kwa VAT hana njia ya kuirudisha. Wakala wa forodha, tozo nyingine na gari hadi Tandika ni 43,750. Mzigo umefika 1,150,000, na kila chupa imekuwa ya 23,000 kabla mteja hajaitia macho.

Wapo mawakala wanaotoza bei moja tu, kwa kilo au kwa mita ya ujazo, kodi zote zikiwa ndani. Si vibaya, ila uliza kwa maandishi ni nini kimo na nini hakimo. Na usidanganyike na wepesi wa mzigo. Kwa ndege, boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 huhesabiwa hivi: zidisha vipimo hivyo vitatu, kisha gawa kwa 6,000. Unapata kilo 20, hata kama mizani inasoma 12. Wasafirishaji wengine hugawa kwa 5,000, nawe utalipia kilo 24. Chupa ya chai ina hewa nyingi, na hewa hiyo nayo hulipiwa nauli.

Turudi Tandika. Chupa tatu zimefika vioo vimevunjika. Tano ni za rangi ya kahawia, na hakuna anayeziuliza. Zimeuzwa 42, fedha iliyoingia ni 1,260,000. Lakini tangazo lilisema "usafiri bure", hivyo bodaboda wamechukua 2,000 kwa kila chupa, jumla 84,000. Bando, mifuko na makato ya kutoa fedha kwenye simu kwa miezi miwili ni 60,000. Toa vyote: mama amepata hasara ya 34,000. Riba ya kikoba hatujaigusa, wala usiku aliokesha akiwajibu wanaouliza bei na kupotea.

Kwa nini basi hakujua? Kwa sababu fedha ilikuwa ikiingia kila siku, na aliitumia kwa unga, nauli ya daladala na daftari za watoto. Fedha mkononi na faida aliviona kitu kimoja. Angegawa gharama zote, bodaboda ikiwamo, kwa zile chupa 42 zilizouzika, angeona kuwa kila moja ilimgharimu takriban 30,800. Bei ya 30,000 ilikuwa chini ya gharama tangu siku ya kwanza.

Tangazo lingeandikwa "usafiri juu ya mteja", angebaki na 50,000. Na zile tano za kahawia zingali chini ya kitanda. Akimwuzia mama lishe kwa 15,000 kila moja, hasara ya 34,000 itageuka kuwa faida ya 41,000, na kikoba kinakutana Jumamosi.