Rangi ya Ukuta wa Jikoni Ichaguliwe Mwisho

Siku hizi ukarabati wa jiko huanzia kwenye simu. Mtu ameona picha: makabati ya kijani kilichokolea, ukuta mweupe, bomba la rangi ya shaba, dirisha pana na theluji nje. Picha inapelekwa kwa fundi, fundi anakubali, rangi inachanganywa dukani, na kazi ikiisha mwenye nyumba anasimama mlangoni akijiuliza mbona jiko lake halifanani na lile. Rangi ni ileile. Tofauti imeletwa na vile vinavyoizunguka: marumaru za krimu zilizokuwapo sakafuni tangu nyumba ijengwe, taa ya dari inayotoa mwanga mweupe kama wa hospitali, wavu wa mbu, na ukuta wa jirani ulio hatua tatu kutoka dirishani.

Mteja akiniomba ushauri wa rangi ya jiko, kwanza namuuliza ni kitu gani hatakibadilisha. Kwa Dar es Salaam jibu huwa ni sakafu. Watu wako radhi kung'oa makabati na kupaka ukuta upya, lakini kubomoa marumaru ni vumbi la wiki nzima, ni fundi mwingine na ni bei nyingine. Basi sakafu ibaki, na vingine vyote viifuate. Marumaru unachukua zilizopo dukani, graniti unachukua kama ilivyotoka mlimani, mbao za makabati zina rangi chache anazouza muuzaji. Rangi ya kopo peke yake ndiyo mashine inaweza kuichanganya upendavyo, tena ndiyo ya bei nafuu kuliko hivyo vyote. Kinachopatikana kwa taabu kitangulie, kinachopatikana kwa urahisi kisubiri. Anayeanza na ukuta ameuanza mlolongo kwa nyuma, na atamaliza akitafuta marumaru ambazo hakuna aliyezitengeneza.

Sakafu hizo za krimu zinataka kuangaliwa vizuri, maana krimu si rangi moja. Nyingine imeegemea pinki, nyingine njano, nyingine ina ukijivu wenye kijani ndani yake, na jicho likiiangalia peke yake halioni tofauti. Chukua karatasi nyeupe ya kuchapia, ilaze juu ya marumaru mchana, taa zikiwa zimezimwa. Palepale rangi iliyojificha itajitokeza. Fanya hivyo pia kwa graniti na kwa kipande cha ubao wa kabati. Ukishajua kwamba sakafu yako imeegemea pinki, utaelewa kwa nini kijivu chenye ubuluu, kile kinachopendwa sana kwenye picha, kinaifanya ionekane kama haijafagiliwa.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Katika karne ya 19, mkemia Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazijakolea. Akazichunguza, akakuta dawa ya rangi haina kasoro. Kilichozifanya zionekane dhaifu ni rangi za nyuzi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu namna rangi mbili zikikaa pamoja kila moja inavyoisukuma nyenzake upande wa pili. Buluu ikiwa karibu na krimu huisukuma iwe ya njano zaidi, hata ya kichungwa. Kwa hiyo kama huipendi njano ya sakafu yako, usiiletee makabati ya buluu, kwa sababu utakuwa umeitangaza. Iwekee rangi za ukoo wake: nyeupe ya maziwa, rangi ya udongo, kahawia ya mti, kijani cha jani lililokomaa. Itatulia.

Baada ya vitu visivyobadilika, mwanga. Hapa vitabu vingi vya mapambo ya nyumba vinatupoteza. Viliandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako dirisha la kusini lina jua na la kaskazini lina baridi. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Adhuhuri jua liko karibu na utosi mwaka mzima, limeinamia kaskazini kuanzia mapema Machi hadi Oktoba, kisha linahamia kusini. Kwetu maswali yenye uzito ni mashariki na magharibi. Jiko la mashariki hupata mwanga mzuri wa asubuhi, wakati chai inachemka, halafu hukaa kivulini siku iliyobaki. Hilo linabeba rangi zenye joto bila shida. Jiko la magharibi, kinyume chake, kuanzia saa tisa alasiri hupigwa na jua la pembeni lenye wekundu. Ukilipaka njano au chungwa, utapikia chakula cha jioni kama uliyesimama ndani ya tanuri. Hilo lipewe kijani kilichopauka chenye ukijivu, samawati hafifu, au nyeupe isiyo na njano.

Lakini nyumba nyingi za mjini hazipati jua la moja kwa moja jikoni. Jiko limewekwa nyuma, paa limeshuka kama kofia, dirisha lina nondo na wavu, na mbele yake kuna uzio. Mwanga unaoingia umeshagonga kitu kingine kwanza, na umekuja na rangi ya kitu hicho. Udongo mwekundu wa Iringa au wa viunga vya Nairobi hupandisha wekundu hadi darini. Bustani hutia kijani. Jirani akipaka ukuta wake chungwa, na jirani zetu wanazipenda rangi zao, nyeupe yako itakuwa na chungwa kuanzia saa nne asubuhi utake usitake. Usishindane nayo. Chagua nyeupe ambayo tayari ina joto kidogo ndani yake, hiyo ya jirani itapotelea humo.

Kwa jiko lenye giza kuna namba ya kuuliza. Watengenezaji wengi wa rangi huonyesha kwa kila rangi kiasi cha mwanga inachorudisha, kuanzia 0 kwa nyeusi kabisa hadi 100 kwa nyeupe kabisa. Kama muuzaji hana kadi yenye namba hiyo, omba katalogi. Ukuta wa jiko lenye dirisha dogo mimi siupi rangi ya chini ya 70. Makabati ya chini yanaweza kushuka hata kufika 15, kwa sababu hayako usawa wa macho na hayazuii mwanga wa dirisha. Makabati ya juu ndiyo yenye hatari. Yakiwa meusi au kahawia nzito, chumba kinapungua upana mbele ya macho yako. Yapake rangi ya ukuta wenyewe, yatoweke.

Usiku kazi ni ya taa, na taa inunuliwe kabla ya rangi. Kwenye boksi kuna namba yenye herufi K: 2700 na 3000 ni mwanga wa manjano, 4000 uko katikati, 6500 ni mweupe wenye ubuluu. Madukani kwetu 6500 ndiyo imejaa, na ndiyo inayoua krimu, rangi ya udongo na kila kilichochaguliwa kwa ajili ya joto lake. Jikoni 4000 inatosha kwa kukata na kupepeta mchele, na 3000 inapendeza pale penye meza ya kulia. Angalia pia alama ya uaminifu wa rangi, ile yenye herufi CRI. Iwe 80 kwenda juu, na ukipata 90 nunua. Chini ya 80 nyama ya leo inaonekana kama ya juzi, na mchicha unapauka kabla haujaingia sufuriani.

Wapo waliochagua rangi ya jiko kwa sababu ya kazi tupu, wala si ya urembo. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke msanifu kutoka Austria, alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, na takriban majiko 10,000 ya aina hiyo yakajengwa. Makabati yake yalikuwa ya buluu yenye kijani, kwa maelezo kwamba inzi hawaipendi rangi hiyo. Mradi ule ulisimamiwa na Ernst May, ambaye mwaka 1934 alihamia Tanganyika, akalima karibu na Arusha, kisha akarudi kwenye usanifu akiwa Nairobi. Hoteli ya Oceanic ya Mombasa ni kazi yake. Kuhusu inzi, mimi naamini wavu wa dirishani zaidi ya buluu yoyote. Lakini swali lao lilikuwa zuri: rangi hii inafanya kazi gani hapa?

Na jiko letu lina kazi zake. Binzari ikimwagika juu ya kaunta nyeupe ya laminati, au ikiingia kwenye grauti nyeupe, huacha njano isiyotoka kwa sabuni. Jua huififisha, ila nani ana kaunta inayofika juani? Mawese nayo hayana msamaha. Kwa nyumba inayopika pilau na mchuzi kila siku, kaunta yenye madoadoa ya kahawia na kijivu ni akili kuliko nyeupe ya picha, na grauti iwe ya kijivu tangu siku ya kwanza, kwa sababu itafika huko yenyewe. Graniti nyeusi inasifiwa kwamba haishiki uchafu. Si kweli kwa anayetumia maji ya kisima yenye chumvi: kila tone likikauka linaacha duara jeupe, na sinki jeusi linakuwa la mvi ndani ya mwezi. Anayepikia mkaa ndani, walau siku za maharage, atarajie masizi darini, na dari hiyo aipake rangi inayofutika.

Nyeupe na rangi ya mafuta ni ndoa mbaya. Rangi ya mafuta iliyo nyeupe hugeuka njano ikikaa gizani, na hugeuka haraka zaidi ikipata joto au mvuke wa dawa za usafi zenye amonia. Jiko lina vyote vitatu. Ndiyo maana ukisogeza friji unakuta ukuta wa nyuma yake una njano kuliko ulio wazi. Ukutani tumia rangi ya maji ya akriliki yenye mng'ao wa silki. Inafutika kwa kitambaa, haigeuki njano, na haionyeshi kila bonde la plasta kama inavyofanya ile inayong'aa kupita kiasi. Ile ya bei rahisi isiyo na mng'ao kabisa iache sebuleni. Jikoni ukiisugua inatoka na kitambaa.

Kuna kanuni inayotajwa sana: asilimia 60 rangi kuu, 30 rangi ya pili, 10 rangi ya kuchangamsha. Haina ubaya, ila hiyo 10 watu huitumia kwa vitu visivyohamishika. Kama moyo wako unataka damu ya mzee au njano ya embe, uupe stuli, birika, pazia na vikombe. Ukichoka, unavibadilisha kwa mshahara mmoja. Makabati ya damu ya mzee utakaa nayo miaka kumi.

Kadi ya dukani isikuamulie, kwa sababu rangi ikienea ukutani huonekana imekolea kuliko ilivyo kwenye kipande cha ukubwa wa kidole, na taa za dukani si za kwako. Nunua kopo dogo, paka mikono miwili kwenye ubao mwepesi wa kama nusu mita kwa nusu mita, acha ukauke kabisa. Usimamishe pembeni ya kabati na juu ya sakafu, uuangalie saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri, na usiku taa ikiwaka. Rangi inayokubalika nyakati zote hizo imefaulu. Inayopendeza mchana tu si ya jiko, maana wengi wetu tunapika usiku.

Kabla fundi hajaanza kukwangua ukuta wa zamani, jambo moja lisilo la urembo. Rangi za mafuta za kale, hasa njano, chungwa na nyekundu, mara nyingi zilikuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Ukuta ulowanishwe kwanza, usikwanguliwe mkavu, na watoto wapelekwe kwa bibi siku hiyo. Kwa rangi mpya, kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 za risasi kwa milioni. Muulize muuzaji, na asiyejua kujibu mwache na makopo yake.

Lita moja hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Jiko la mita 3 kwa 4, ukitoa makabati, marumaru za ukutani, mlango na dirisha, hubaki na kama mita za mraba 20 za kupaka, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 inatosha mikono miwili. Kama unahitaji zaidi ya moja, zinunue siku moja, umwage zote kwenye ndoo moja na kuzikoroga pamoja kabla ya kuanza, maana makopo mawili ya namba ileile yanaweza kutofautiana. Kisha nakili namba ya mchanganyiko iliyobandikwa kwenye kifuniko, uibandike ndani ya mlango wa kabati la chini ya sinki. Fundi atahama na kopo litatupwa, lakini siku ukuta utakapohitaji kiraka, namba hiyo ndiyo utakayoulizwa dukani.