Fahamu: Kabla ya ubatizo kuna rafiki

Muulize mlokole wa Kanoni, Karagwe, mkoani Kagera, aliokoka lini, atakutajia siku. Muulize nani alimpeleka kanisani mara ya kwanza, hapo habari inakuwa ndefu: jirani, shemeji, mwenzake wa kwaya.

Mwaka 1965, John Lofland na Rodney Stark waliandika kuhusu kikundi kidogo cha dini huko Marekani. Waliojiunga walishibana kwanza na waumini; mafundisho yaliwakolea baadaye.

Kagera inalijua hilo. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 hadi Buhaya una mizizi katika urafiki wa watu wawili waliokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929: daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, jambo lisilo la kawaida kati ya mzungu na mwafrika enzi zile. Vikundi vya ushirika vilivyofuata vilikuwa vya kutubiana ana kwa ana, hata kurudisha mali iliyoibwa.

Kwa upande wa Wakatoliki, wamisionari wa Mapadri Weupe, waliofungua misheni ya Kashozi mkoani humo mwaka 1892, nao hawakuwa na haraka: utaratibu wa mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, ulidai miaka minne ya maandalizi kabla ya ubatizo, muda wa kutosha kuzoeana. Kamba hiyohiyo ya urafiki huvuta pia upande wa pili. Mmoja akihamia kanisa jingine, mara nyingi wenzake humfuata.