Kumfundisha Mwalimu Aliye Mbali

Wengi wetu hudhani kuwa kuwafundisha walimu walio mbali ni jambo lililoletwa na intaneti. Sivyo. Hapa Mbulu jambo hili lilianza kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa.

Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto wa Tanzania aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Basi, kuanzia mwaka 1976, vijana wapatao 45,000 waliomaliza darasa la saba wakapelekwa katika shule za vijiji, wakafundisha huku wakijifunza ualimu. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka kumi na saba, sawa na mimi leo.

Mafunzo yao yalikuwa na sehemu nne: masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, mkufunzi aliyezungukia shule, na mwishoni majuma sita chuoni. Waliofaulu walizidi 35,000.

Babu asema redio ilipita upesi, wala huwezi kuiuliza swali. Kilichomfaa zaidi ni mkufunzi. Siku moja aliketi nyuma ya darasa, akamwona babu akiandika hesabu ubaoni, na watoto, ambao walijua Kiiraqw tu, wakiduwaa. Hakumkaripia. Alimwambia jambo moja: "Kesho kila mtoto aje na punje kumi za mahindi." Kesho yake watoto wakajumlisha.

Sasa shangazi yangu, mwalimu huko Hanang, hujifunza kwa simu. Juzi alipanda kilimani kutafuta mtandao. Somo lilikuwa la saa mbili, na msemaji akisoma tu. Mtandao ukakatika, shangazi akarudi nyumbani mikono mitupu. Babu aliposikia akacheka, akasema, "Wamesahau mahindi."

Kwa hayo yafaa tujue namna ya kupanga somo la mbali:

Kwanza, somo moja liwe na shabaha moja. Mwalimu ajue tangu mwanzo atakachoweza kufanya darasani kesho.

Pili, liwe fupi, na maandishi yake yatangulie, ili mtandao ukikatika somo lisikatike.

Tatu, kila somo liishe na kazi ya kufanya mbele ya watoto, si maswali ya kukariri.

Nne, majibu yarudi upesi. Mwanafunzi asiyejua alipokosea hurudia kosa lile lile.

Tano, walimu wa shule moja wakutane kuzungumza. Simu haioni darasa, lakini mwenzako aweza kuketi nyuma na kutazama.

Zamani watu waliwadhihaki walimu wale, wakasema UPE maana yake ni "Ualimu Pasipo Elimu." Neno hilo lilimwuma babu. Lakini asema walimu hawakuwa wajinga. Palipopangwa somo vizuri walifundisha, na palipopangwa vibaya aliyepata hasara ni mtoto. Mama yangu alijifunza kusoma katika darasa lake.

Nasi wa Kidato cha Nne tunaowasaidia wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza jioni tusiwasomee daftari tu. Tuwape jambo moja, walifanye, tulitazame. Ndivyo mahindi yale yalivyofanya kazi.