Shubiri ya Sokotra: jani moja, vimiminika viwili

Kuanzia Juni hadi Septemba, kusi huvuma Sokotra kwa nguvu na ardhi hukauka. Katika visiwa hivi vya Yemen, mashariki mwa Pembe ya Afrika, mshubiri uitwao kitaalamu Aloe perryi hubaki na majani manene yaliyojaa maji. Kwa asili, mmea huu hauoti kwingineko duniani.

Siri yake iko usiku. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na maji mengi hupotelea hapo. Mshubiri husubiri jua lizame. Hewa unayoivuta gizani huihifadhi kama asidi ya maliki. Kukipambazuka hufunga vitundu, kisha huitoa hewa hiyo kwenye asidi na kutengenezea sukari kwa mwanga wa jua.

Pasua jani lake, utaona vimiminika viwili. Katikati kuna ute mwangavu, ghala la maji la mmea. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa manjano wenye aloini, kemikali chungu mno. Utomvu huo ndio shubiri.

Wasokotra hukata majani na kuyapanga kuzunguka kishimo kilichotandikwa ngozi ya mbuzi, utomvu ukadondoka humo, kisha huuacha ukauke. Bidhaa hiyo iliuzwa ng'ambo kwa karne nyingi. Waandishi wa Kiarabu wa zama za kati walisimulia hata kwamba mwanafalsafa Aristotle alimshauri Alexander Mkuu akiteke kisiwa cha Sokotra kwa ajili yake.

Wanunuzi waliitaka zaidi kama dawa ya kufungua choo. Bakteria wa utumbo mpana huivunja aloini, na kinachotokea huuchochea utumbo. Lakini dozi ikizidi, huleta msokoto wa tumbo, kuharisha, na upungufu wa maji na potasiamu. Mwaka 2002, mamlaka ya dawa ya Marekani iliiondoa shubiri katika dawa za choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa.

Alovera ya bustanini nayo ina utomvu huo. Anayetaka ute wa kupaka ngozini alisimamishe jani lililokatwa hadi umanjano uchuruzike, amenye ganda na kuosha ute. Juisi ya jani zima isinywewe kiholela, hasa na wajawazito.